RTX 3060 ndani ya OptiPlex 7050 ya mnara

Unauliza kama kadi ya picha ya RTX 3060 itafanya kazi kwenye OptiPlex 7050, ile kompyuta ya mezani ya Dell. Hapana, mkubwa. RTX 3060 inakula wati 170 peke yake, na pawa saplai ya hiyo mashini ni ya wati 240 kwa kila kitu. Tena haina waya wa kulisha kadi. Kuibadilisha nako ni kazi: plagi inayoingia kwenye bodi mama ni ya Dell yenyewe, si ile ya pini 24 ya kawaida. Na ukipita Birere, hapa Goma, ukaonyeshwa adapta ya kugeuza plagi ya SATA (ile ya kulisha diski) kuwa ya pini 8 ya kulisha kadi, iache hapohapo. SATA inabeba wati 54 hivi kwenye volti 12. Ukivuta zaidi, plastiki inayeyuka.

Tafuta GTX 1650 au 1050 Ti isiyo na tundu la waya ukingoni, maana tundu la PCIe, lile la bodi mama linalochomekwa kadi, lenyewe linatoa hadi wati 75 na hizo zinatosheka. Zigeuze uzikague, kuna 1650 zenye pini 6. Kadi nyingine, RX 6400, ina njia 4 tu za kupitisha data kwenye PCIe, na bodi hiyo ni ya PCIe 3.0, toleo la zamani, kwa hiyo itapoteza kasi.

Kama yako ni ile nyembamba, SFF, pawa ni wati 180 na lazima kadi iwe ya kimo kifupi (low profile), na kibati chake cha kufungia nyuma ya kesi kiwe kifupi pia.

Ukishafunga, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si pale pa zamani. Na kwa umeme wa Goma, stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza volti, kwanza.