Maswali ya wasomaji: Msitu wa miombo uchomwe au usichomwe?

Swali: Kamati ya maliasili ya kijiji chetu hapa Kilwa inataka tuchome msitu mwezi Juni ili moto wa Septemba usituunguzie miti. Wazee wanasema moto ni moto tu. Nani ana haki?

Jibu: Kamati. Miombo huchipua majani mapya, yale mekundu, Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Moto ukipita wakati huo nyasi ni kavu kabisa, mwali unapanda hadi matawini na kuunguza machipukizi ambayo mti umeyatolea akiba yake yote. Mwezi Juni nyasi bado zina umajimaji, mwali unabaki chini.

Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933 yanaeleza vizuri. Vipande vya msitu vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti, nyasi zikatawala. Vilivyochomwa mapema vilibaki na miti. Visivyochomwa kabisa vilistawi kuliko vyote, ila kwa kijiji hilo ni gumu: usipochoma wewe, mwindaji au mwenye kuandaa shamba atakuchomea Septemba.

Kwanza pateni kibali; Sheria ya Misitu ya 2002 haimruhusu mtu kujiwashia tu. Walina asali waambiwe, na nyasi zifyekwe kuzunguka kila mti wenye mzinga. Fyekeni barabara ya moto, yaani ukanda wa kuzuia moto usivuke, hadi udongo uonekane, kisha jaribuni kuwasha nyasi kidogo. Zikilipuka mara moja, mmechelewa. Zikiwaka kwa kusitasita na kuacha mabaka yasiyoungua, ndiyo hasa mnachotaka.

Washeni alasiri, kuanzia saa kumi, ili umande wa usiku uwasaidie kuzima. Anzieni upande ambako upepo unaelekea, kandokando ya barabara ya moto, moto urudi polepole kinyume cha upepo. Kosa la kawaida ni kuwasha upande upepo unakotoka kwa sababu kazi inaisha haraka. Moto huo ndio unaoruka barabara. Kosa jingine ni kwenda nyumbani magogo yakifuka. Gogo moja linaweza kuamka siku ya pili upepo ukivuma.

Msichome pahala palepale kila mwaka. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa ardhini, hadi siku upate nguvu ya kurefuka kupita mwali. Penye miche mingi zungushieni ukanda uliochomwa, ndani muache.

Swali: Marekani huacha moto wa radi uwake wenyewe. Mbona sisi hatufanyi hivyo?

Jibu: Hifadhi ya Yellowstone ilianza kuacha baadhi ya moto wa radi mwaka 1972. Msonobari unaotawala kule, lodgepole, una koni nyingi (vibebeo vigumu vya mbegu) zilizofungwa kwa utomvu. Joto huuyeyusha na mbegu kumwagika juu ya majivu. Lakini mwaka 1988, kwa ukame na upepo, moto ulipita zaidi ya theluthi ya hifadhi, na maelfu ya wazima moto hawakuuweza hadi theluji ya Septemba. Kwetu radi huja na mvua, na moto mwingi ni wa mkono wa mtu. Kuuita wa asili ni kumsitiri aliyeuwasha.

Swali: Je, kuchoma mapema kunafaa pia Kilimanjaro?

Jibu: Hapana. Msitu wa mlimani haukuzoea moto kama miombo. Moto unaporudiarudia, mpaka wa juu wa msitu hushuka, na miti iliyokuwa ikinasa maji ya ukungu hutoweka.