Barua kwa mwanangu: kuhusu ami yako na ule mlango

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila mdogo wako kaota ndevu tatu na sasa haambiliki.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nne. Unauliza vipi ami yako awe walii wako wa kukuozesha, na yeye ndiye aliyetufungia mlango tukalala garini miezi kumi na moja. Kwa simu ningelia tu, ndiyo naandika.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa yadi ya makontena Miritini, Mombasa. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo 2018 malori yakapungua, na 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya bara yapande treni, yadi ikapunguza watu. Alikwenda kwenye maandamano ya kila Jumatatu ya kuipinga amri hiyo mpaka soli zikamwishia. Kazi haikurudi. Kiinua mgongo kikanunua ile matatu kuukuu, tukang'oa viti, tukatia godoro, stovu na mitumba ya kuuza. Chumba cha Chaani tukakiacha, na deni la kodi juu.

Wewe huwahadithia wenzako kama tulikuwa watalii. Sikulaumu, ulikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nakumbuka maji. Nikifumbua macho, wazo la kwanza ni wapi nitaoga, wapi wewe utaoga, na mwanamke hawezi kujitupia ndoo kando ya barabara. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga nilijua msikiti gani una choo cha wanawake na mlinzi gani wa kituo cha mafuta ana huruma. Nakumbuka na feri: gari hulipa, wa miguu hapiti kwa pesa. Basi baba yako hubaki Likoni na gari, mimi navuka, naenda soko la Kongowea kuchukua mzigo wa mitumba, narudi nao kichwani. Siku za shule tulilala Changamwe ili muamkie karibu. Ulikuwa ukivaa sare umejifunika leso, mdogo wako kageuzwa uso kioo cha nyuma.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, tukawa wa barabarani moja kwa moja. Ikaja kafyu, saa moja jioni kila mtu awe kwake. Kwake wapi? Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, sisi tuko Msambweni na mitumba ya watoto isiyo mnunuzi. Kongowea haikufikika tena hadi Julai. Yule bibi aliyeturuhusu kuegesha chini ya mkorosho wake unamkumbuka? Alitupa muhogo kila siku na hakutuuliza hata mara moja kwa nini hatuna kwetu.

Kwetu palikuwepo, mwanangu.

Wiki ile tuliyotoka Chaani ami yako alipiga simu ya baba yako. Yeye yuko msalani, nikapokea mimi. Ami akasema, "Shemeji, chumba cha uani nimekitoa vitu, njooni leo hii." Nikamshukuru. Baba yako aliporudi nikamwambia ndugu yako kapiga, asema nyumba imejaa wageni wa mkewe, tumwie radhi. Na ami nikampigia kisiri, nikamwambia tumepata nyumba Ukunda.

Ulikuwa mdogo sana ami yako alipokosa kibarua bandarini akaja kukaa kwetu, yeye, mkewe na watoto wawili. Miezi mitatu. Nilikuwa nafungia sukari kabatini na ufunguo naufunga pembeni ya leso. Siku moja mkewe aliomba kijiko kimoja cha uji wa mtoto aliyekuwa na homa. Nikamwambia imekwisha. Naye aliusikia ufunguo ukigonga nilipoinuka. Hakusema neno, akampa mtoto uji mkavu. Mimi niende nikakae kwa mwanamke yule, niombe sukari yake? Niliona bora godoro la garini. Nikawalaza na nyinyi humo kwa ajili ya kijiko cha sukari.

Baba yako nilimwambia baadaye sana, mwaka wake wa mwisho. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alivaa kofia, akatoka, akarudi usiku na mfuko wa maembe ya mwembe wa kwa ami yako Kisauni. Akaniwekea mezani akaenda kulala. Tangu siku ile wakawa wanatembeleana, wewe ukiwa ushakwenda Nairobi na chuki yako, nami nikakuacha nayo miaka yote hii.

Kisheria ndiye walii wako, mdogo wako hajabaleghe vya kutosha kusimama. Lakini sikutaka umkubali kwa sheria peke yake huku moyoni ukimwita mkatili. Mpigie wewe mwenyewe. Usimtajie simu ile mpaka yeye aitaje.

Jumapili nilikwenda Kisauni kupanga mambo ya chakula. Biryani tutapika uani kwao, masufuria ya kukodi. Nilipotoa kalamu kugawana vitu, mke wa ami yako akaniambia, "Sukari usiandike. Sukari naleta mimi." Akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Nijibu upesi, mshonaji anataka vipimo vyako.

Mama yako