Swali: Kampuni ya Norway imenyamaza, je niende Oslo mwezi wa saba?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbinga, yupo kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa. Anasema kampuni ya kuchoma kahawa ya Oslo imeonja sampuli yao wakaipenda, wakajibu imeli ya mistari miwili kwamba wataangalia "wiki ya 34", tangu hapo kimya. Yeye anataka apande ndege mwezi wa saba akaonane nao uso kwa uso, anauliza ajiandaeje, bei aanzie wapi na abebe nini.

Dada, kwanza hongera, maana Wanorway ni katika watu wanaokunywa kahawa nyingi kabisa duniani na wachomaji wao wadogo wanachagua sana, ukisikia wamependa sampuli ujue wamependa kweli, sio watu wa kusifia ili wakuridhishe.

Sasa tiketi ya mwezi wa saba usikate. Norway wana likizo wanaiita fellesferie, ni kama wiki tatu za mwezi wa saba ambapo nchi karibu yote inaenda mapumziko, wapo kwenye vibanda vyao milimani au baharini, ofisi unakuta mtu mmoja anapokea simu na yeye mwenyewe hana maamuzi. Utafika, utalala hoteli ya bei mbaya, utarudi hujaonana na mtu. Na hiyo "wiki ya 34" sio fumbo, wenzetu wanapanga kazi kwa namba za wiki za mwaka, wiki ya 34 inaangukia nusu ya pili ya mwezi wa nane, yaani wamekwambia wakirudi likizo ndio wataangalia. Ingia kwenye kalenda ya simu yako, sehemu ya settingi, washa namba za wiki, itakusaidia kwa mambo yao yote. Pasaka nayo iogope, na mwezi wa tano una sikukuu nyingi, kubwa ni tarehe 17, siku ya katiba yao ya mwaka 1814, hiyo siku hakuna biashara kabisa.

Kuhusu ile imeli fupi usiichukulie vibaya. Sisi imeli inaanza na salamu, habari za familia, natumaini hujambo, wao wanaandika "Asante. Tutaangalia wiki ya 34" basi wamemaliza, hamna hasira hapo wala dharau. Na wewe wajibu hivyo hivyo, mistari minne inatosha, useme una tani ngapi, greda gani, unyevu asilimia ngapi, itakuwa tayari lini kwenye kontena. Ukiwatumia kurasa tatu za historia ya ushirika hawasomi, picha mbili za CPU (mtambo wa kumenya kahawa) na za wakulima wakianika zinatosha.

Hapa kwenye tani ndio naomba unisikilize vizuri, kwasababu ndipo biashara nyingi na Wanorway zinapofia. Kama mna uhakika wa magunia 150 sema 150. Usiseme 300 ukitegemea wengine mtapata kwa chama cha jirani, maana yeye ile namba anaichukua kama ahadi, anaenda kuwauzia wateja wake kabla mzigo haujatoka Mbinga, siku ukimletea 150 hatakugombeza wala hatapiga kelele, atakushukuru halafu msimu ujao hutamsikia tena. Lakini ukimwambia mapema kwamba mwaka huu tuna 150 tu, na mvua imechelewesha wiki mbili, anakuelewa na anarudi. Tatizo ukilisema mwenyewe kabla hajaligundua linakujengea jina zuri kuliko sifa yoyote.

Bei nayo ni hivyo hivyo. Ule mchezo wa kupandisha juu ili tushushane hawauwezi na hawaupendi, akiona umeanza na dola 9 ukashuka hadi 6.5 anajiuliza ile 2.5 ilikuwa ya nini. Piga hesabu yako vizuri, malipo ya mkulima, kukoboa, usafiri mpaka bandarini, tozo, faida ya chama, kisha taja bei ya FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini) iliyo karibu na ile unayoitaka na uwe na maelezo yake, wanapenda kuona mkulima anabakiwa na nini. Tanzania ipo kwenye kundi la nchi zinazopata msamaha wa ushuru wa forodha kule, VAT ya chakula ni asilimia 15 ila hiyo analipa muagizaji, wewe isikusumbue.

Na watakuuliza maswali mengi kuhusu wafanyakazi, watoto shambani, mikataba, malipo. Usione wanakupeleleza. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kuna sheria inaitwa åpenhetsloven inayobana kampuni kubwa zifuatilie haki za watu kwenye mnyororo mzima wa bidhaa zao, na hata kampuni ndogo zinaulizwa na wateja wao wakubwa. Andaa majibu ya ukweli kwa maandishi. Kitu kidogo ndio usikiguse kabisa, hata kwa utani, sheria yao inamfuata Mnorway popote alipo duniani, kampuni kubwa ya mbolea ya Yara ilipigwa faini ya kroner milioni 295 mwaka 2014 kwa rushwa ya nje ya nchi. Ndio maana zawadi ya bei kubwa inawatia wasiwasi. Pakiti ya kahawa yenu iliyochomwa au kikapu kidogo kinatosha sana.

Wewe pia wachunguze, ni haki yako. Kila kampuni ya Norway ina namba ya usajili ya tarakimu 9, ingia kwenye tovuti ya Brønnøysundregistrene, rejista ya serikali yao ya kampuni, uiandike, bure kabisa, utaona imesajiliwa lini, nani mkurugenzi, na nyingi unaona hadi hesabu zao za mwaka. Kama haipo humo achana nayo.

Omba mkutano wa mwezi wa tisa, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana kwa saa za kwao, uandike 09:00 au 14:00 ili saa zetu zisiwachanganye, na kipindi hicho sisi tupo mbele yao kwa saa moja. Baada ya saa kumi jioni mtu anawahi kumchukua mtoto chekechea, hata bosi. Fika dakika tano kabla. Ita watu kwa jina la kwanza, najua kwetu inakuwa ngumu kumuita mkurugenzi mwenye mvi jina lake, ila kule ndio heshima yenyewe. Ukimaliza kuongea wakakaa kimya wanafikiria, usikimbilie kupunguza bei ili kuziba ukimya. Chakula cha mchana ni mapema, kuanzia saa tano, na huenda kikawa vipande vya mkate na jibini la kahawia mezani hapo hapo ofisini, hawajakudharau, ndicho wanachokula wenyewe.

Visa ni Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba miezi sita kabla, ada yuro 90, bima isiyopungua yuro 30,000, na barua ya mwaliko ya hao wachomaji. Ukipitia Amsterdam ujue uhamiaji unamalizana nao pale pale, Oslo unatoka tu. Pesa taslimu hazina kazi sana, hakikisha benki yako imefungua kadi kwa matumizi ya nje. Nyama na vitu vya maziwa usibebe, vinazuiliwa kuingia. Kutoka Gardermoen, uwanja wa ndege wa Oslo, treni ya kawaida ni nafuu kuliko ile ya haraka na zinapishana dakika chache tu. Maji ya bomba kunywa bila wasiwasi, maduka mengi Jumapili yamefungwa, ukikaribishwa nyumbani vua viatu mlangoni kama kwetu. Koti la mvua na sweta vinatosha kwa mwezi wa tisa.

La mwisho ni akaunti ya benki. Mwaka 2020 mfuko wao wa serikali, Norfund, uliibiwa kama dola milioni 10 na matapeli walioingilia imeli za malipo, tangu hapo wengi ni waangalifu sana. Ukibadilisha akaunti katikati watasimamisha kila kitu. Kwahiyo mkubaliane kwenye chama mapema akaunti ni ipi, iwe kwa jina la AMCOS na sio la mtu, iandikwe kwenye mkataba, na umwambie kabisa kwamba ikija imeli ya kubadilisha akaunti apige simu kwako kwanza.

Kwa sasa watumie ile mistari minne, wiki ya 34 ikipita bila jibu wakumbushe mara moja wiki ya 35.