Wakikuomba Ufute Sentensi Moja: Ushauri kwa Wanasayansi Vijana wa Tabianchi

Nimechambua takwimu za mvua na joto kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoingia katika fani hii halihusu hesabu kabisa. Wanauliza: ukitishwa unafanyaje?

Vitisho vipo kweli. Mwaka 2010 Michael Mann, mwanasayansi wa tabianchi wa Marekani na mmoja wa waliochora grafu mashuhuri ya joto la miaka elfu moja, alifungua bahasha ofisini kwake akakuta unga mweupe. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliupima, kumbe ni unga wa mahindi. Ben Santer, kiongozi wa waandishi wa sura ya ripoti ya pili ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliyosema kwamba mkono wa binadamu unaonekana katika tabianchi, aliwahi kuwekewa panya aliyekufa mlangoni kwake. Naye Phil Jones wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, barua pepe za kitengo chake cha utafiti wa tabianchi zilipoibwa na kumwagwa mtandaoni Novemba 2009, alishambuliwa hadi akafikiria kujiua. Alilisema hilo mwenyewe hadharani.

Mimi nimewahi kupokea ujumbe uliotaja shule wanayosoma watoto wangu. Kwa hiyo ninayokwambia hapa nimeyapitia. Usijibu, wala usifute. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, saa na jina la akaunti, kisha mpe mtu mwingine nakala. Mwajiri wako ajue siku hiyo hiyo, na ukitajiwa mwili wako au familia yako, nenda polisi. Namba yako ya simu na anwani ya nyumbani viondoe mtandaoni kabla hujahitaji kuviondoa. Matusi mengine yakizidi, mwombe rafiki akusomee, akuambie tu yale yanayohitaji hatua. Hili la mwisho ndilo lililonirudishia usingizi.

Lakini vitisho si kitu kinachowavunja watu wengi. Wengi nimewaona wakivunjwa na maombi ya upole.

Rasimu ya ripoti yetu ya mafuriko iliwahi kurudi kwangu ikiwa imepigwa mstari mwekundu mahali pamoja tu: “kutokana na shughuli za binadamu.” Pembeni palikuwa na maoni mafupi: tupunguze makali, wafadhili wasije wakashtuka. Aliyeandika ni mtu ninayemheshimu, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anahofia mishahara ya idara nzima. Nilimjibu kwa sentensi mbili. Nilimwomba aniandikie sababu ya kitaalamu ya kuyaondoa maneno hayo ili niiweke kwenye kumbukumbu za ripoti. Sababu haikuja, na maneno yalibaki. Omba maandishi kila mara. Watu huyasema kwa mdomo mengi ambayo wasingethubutu kuyatia saini.

Si kila mara mambo huishia hapo. Maria Caffrey, aliyekuwa akifanya utafiti wa kupanda kwa bahari kwa ajili ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, alikataa kuondolewa kwa maneno yanayotaja chanzo cha kibinadamu. Ripoti ilitoka mwaka 2018 maneno yakiwemo, lakini mwaka uliofuata hakuwa na kazi tena. Basi weka akiba, usome mkataba wako vizuri, na umjue wakili kabla ya shida. Kwa walioko Marekani, tangu 2011 kuna Climate Science Legal Defense Fund, mfuko unaowasaidia wanasayansi kisheria bila malipo.

Amua mapema nini unaweza kukubali. Mimi nakubali kurahisisha lugha, kubadili mpangilio, hata kutoa kichwa cha habari kinachochokoza. Sikubali kubadilishiwa chanzo, wala kuficha ukubwa wa makadirio, wala kuchelewesha ripoti hadi uamuzi iliyotakiwa kuuongoza uwe umeshapita. Hilo la kuchelewesha lichunge sana, kwa sababu hufanywa kimyakimya na hakuna neno hata moja linalofutwa.

Kuna kishawishi kingine ambacho hatukizungumzii vya kutosha. Ukishambuliwa kwa muda mrefu unaanza kuogopa kukiri shaka, maana unajua wapinzani watainyakua. Unaficha kasoro ndogo ya takwimu, unaongeza uhakika pale ambapo haupo. Uchunguzi uliofanywa baada ya zile barua pepe za East Anglia kuibwa haukukuta udanganyifu wa kisayansi, ila uliwalaumu watafiti kwa kutokuwa wawazi vya kutosha walipoombwa taarifa. Nawaelewa, walikuwa wamechoshwa na maombi ya watu wasiowatakia mema. Hata hivyo, weka takwimu na programu zako wazi tangu mwanzo, na uandike mipaka ya matokeo yako mwenyewe kabla adui hajakuandikia.

Na wewe ambaye bado hujaguswa: mwenzako akishambuliwa, usisubiri taarifa ya chuo. Mpigie simu leo, umuulize kama amekula na kama kuna mtu yuko naye. Kisha andika hadharani, kwa jina lako, kwamba umeisoma kazi yake na unaithibitisha. Ukiwa na cheo kikubwa kuliko chake, wewe ndiye uandike kwanza.