Maswali ya Wasomaji: Supra ya Shokapu za Umeme au za Kawaida?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimedunduliza fedha za kuagiza Toyota GR Supra ya mwaka 2020 kutoka Japani, na muuzaji amenionyesha magari mawili. La kwanza ni daraja la SZ, lenye shokapu za kawaida na rimu za inchi 17. La pili ni SZ-R, lenye shokapu zinazojirekebisha zenyewe na rimu za inchi 18. Muuzaji anasisitiza kwamba kwa barabara zetu SZ itanivunja mgongo, ilhali SZ-R “inajilainisha na kujiinua kwenye barabara mbovu”. Ninaishi Tegeta, kazi yangu iko Posta, na mara chache kwa mwaka huenda Iringa kuwasalimia wazee. Nakusudia kukaa na gari hilo kwa miaka kumi au zaidi. Nichukue lipi? – Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji wako amekuambia nusu ya ukweli. Uzito wa gari hubebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza springi hiyo isiendelee kuchezacheza baada ya gurudumu kupita kwenye tuta. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyenye vali. Njia ikiwa nyembamba shokapu huwa ngumu, ikiwa pana huwa laini. Shokapu ya SZ imepangiwa ugumu wake kiwandani na haubadiliki. Ile ya SZ-R, ambayo Toyota huiita AVS, ina vali inayoendeshwa kwa umeme, kiasi kwamba sensa zikishapima mwendo wa bodi na wa magurudumu, kompyuta huamua vali ibane au iachie, nalo jambo hilo hufanyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini springi hubaki zilezile, na gari haliinuki hata kidogo. Chini ya Supra pana nafasi ya takriban sentimita 12 tu, na hakuna kitufe cha kuiongeza. Anayetaka gari la kujiinua atafute lenye springi za hewa au lenye mtambo wa kunyanyua pua, na Supra haina kimojawapo.

Jambo ambalo muuzaji hakulitaja, na ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko shokapu zenyewe, ni matairi. Tairi la mbele la SZ limeandikwa 225/50 R17, na la SZ-R 255/40 R18. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni urefu wa ukuta wake kwa asilimia ya upana huo, hivyo ukipiga hesabu utaona kwamba ukuta wa tairi la SZ una urefu wa milimita 112 hivi, wa SZ-R milimita 102, na wa RZ, ambayo ndiyo ya daraja la juu na huvaa rimu za inchi 19, milimita 89 tu. Ukikanyaga rasta za barabarani, yale matuta madogo madogo yanayofuatana, pigo la kwanza hupokewa na ukuta huo wa tairi, halafu na bushi, yaani vipande vya mpira kwenye viungo vya miguu ya gari, na shokapu hufuata baadaye. Ukiingia kwenye shimo lenye ncha kali usiku wa mvua, tairi lenye ukuta mfupi ndilo linalopasuka na rimu yake ndiyo inayopinda, hata kama shokapu ina akili kiasi gani. Supra haibebi tairi la akiba, kwa hiyo hilo si jambo la kupuuza.

Haina maana kwamba AVS ni pambo. Faida yake huonekana kwenye mwendo mkubwa, barabara inapokuwa na mawimbi marefu yanayolifanya gari liyumbe juu na chini, au dereva anapofunga breki na kukata kona kwa wakati mmoja. Ukiteremka mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, asubuhi kabla malori hayajaanza kujipanga, ukiweka Sport, hali inayokaza shokapu, utaona bodi hailali sana kwenye kona, na ukirudi Normal, hali ya kawaida iliyo laini zaidi, baada ya Ruaha Mbuyuni gari litatulia kwa safari ndefu. Shokapu za SZ haziwezi kukupa hali hizo mbili, bali zina tabia moja iliyo katikati. Swali ni mara ngapi kwa mwaka utazihitaji. Kati ya Tegeta na Posta ni foleni, na njia nzima ya Chalinze, Morogoro na Mikumi ina vijiji vya kilomita 50 kwa saa, matuta ya hifadhini na trafiki wenye tochi za kupima mwendo, ambao hawana habari kwamba shokapu zako ni za umeme.

Kuna pia hiyo miaka kumi. Shokapu zote huchoka. Sili zikilegea, mafuta huvuja. Shokapu ya kawaida ikifa unaagiza nyingine, ya kampuni yoyote inayotengeneza za gari hilo, na fundi mzuri wa mtaani huifunga bila shida. Ya umeme ni ghali zaidi, ina waya na sensa zake, na ukiamua kuweka za kawaida mahali pake, kompyuta hulalamika kwa taa kwenye dashibodi mpaka kifungwe kifaa cha kuidanganya. Tena nembo ya Toyota isikuhadae: gari hili lilibuniwa pamoja na BMW Z4 na kuunganishwa na kampuni ya Magna Steyr mjini Graz, Austria, hivyo usitarajie kukuta vipuri vyake Kariakoo kama vya Mark X.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, na tukiangalia shokapu peke yake, ningechukua SZ. Angalia lakini kwamba tofauti ya magari hayo haiishii hapo. Injini zote mbili ni za lita 2.0 zenye turbo, lakini ya SZ hutoa nguvu farasi 197 na ya SZ-R 258, na SZ-R ina difu (mtambo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma) inayodhibitiwa kwa umeme, ambayo SZ haina. Magari hayo yalipoanza kuuzwa Japani mwaka 2019, SZ ilikuwa yeni milioni 4.9 na SZ-R milioni 5.9, yeni hiyo milioni moja ya ziada ililipia yote hayo kwa pamoja. Ikiwa moyo wako uko kwenye nguvu ya injini, nunua SZ-R kwa sababu hiyo, na tangu mwaka wa kwanza anza kuweka akiba ya shokapu.

Kabla ya kutuma fedha, omba nakala ya cheti cha usajili cha Japani na usome msimbo wa modeli: SZ huandikwa DB82, SZ-R huandikwa DB22. Omba pia picha za shokapu zote nne, kila moja kwa karibu, gari likiwa limenyanyuliwa. Mafuta yaliyovuja na kukamata vumbi kwenye mwili wa shokapu ni sababu ya kutosha ya kudai bei ipungue, na kwa SZ-R ni sababu ya kutafuta gari jingine.