Fundi Anajibu: Simu Inachaji, Kompyuta Haiioni

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasoma kompyuta hapa Nyegezi, Mwanza, na ninamtengenezea mama programu ya kuandikia madeni ya wateja wake wa dagaa pale mwaloni Kirumba. Nikichomeka simu yake inachaji vizuri, utatuaji wa USB (ruhusa ya kompyuta kuiendesha simu ya Android kupitia waya) nimeshauwasha, lakini nikiandika adb devices, amri ya kuorodhesha simu zilizounganishwa, orodha inakuja tupu. Juzi nimeazima waya wa mwenzangu, simu ikaonekana ila imeandikwa unauthorized, yaani haijaidhinishwa. Nimefuta kila kitu kwenye kompyuta nikaweka upya, wapi! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo una matatizo mawili, na la kwanza umeshalitatua bila kujua. Waya wako ni wa kuchaji tu. Kuna siku niliupasua mmoja wa namna hiyo kwa wembe, hapa mezani kwangu Makoroboi: ndani nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, basi. Hizo ni za umeme. Waya wa data huwa na nyingine mbili, kwa kawaida kijani na nyeupe, na humo ndimo simu na kompyuta zinamozungumza. Kwa hiyo simu kuchaji hakuthibitishi chochote. Vijana wengi huniletea kompyuta nizipige programu upya, kumbe ni waya.

Na kwa kuwa simu inashinda mwaloni, izime, umulike tundu la chaji kwa tochi. Nimeshatoa humo mchanga na magamba ya samaki yaliyogandamana mpaka kichwa cha waya hakizami. Tumia kijiti cha meno, taratibu, sindano hapana.

Sasa hilo neno unauthorized. Tangu Android 4.2.2, kompyuta hujitambulisha kwa ufunguo wake, na simu humuuliza mwenye simu kama anaikubali. Swali hilo linatokea kwenye kioo cha simu. Nadhani simu ya mama ilikuwa imejifunga, wewe macho yote yako kwenye kompyuta. Ingia Mipangilio, kwenye Chaguo za wasanidi programu, ubatilishe uidhinishaji wa utatuaji wa USB. Chomoa waya. Kwenye kompyuta andika adb kill-server, halafu adb start-server, ili adb izimike na kuwaka upya. Fungua kioo cha simu, chomeka tena, ukubali. Ukirudia adb devices, utaona neno device badala ya lile.

Kama kompyuta ni ya Windows na orodha bado tupu hata kwa waya mzima, tafuta kiendeshi cha USB (driver, programu ya kuiwezesha kompyuta kuitambua simu) kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza simu hiyo.

Jambo moja nakusihi. Kama kompyuta si yako, usiweke alama kwenye “ruhusu kila wakati”, na ukimaliza kazi zima utatuaji kabla hujamrudishia mama simu. Kompyuta iliyokubaliwa inaweza kuingiza na kufuta programu humo, na pesa zake za dagaa zinapita kwenye simu hiyo hiyo.