Maswali ya watafiti: bajeti ya kaunti, nyaraka zilizofungiwa na ile sampuli ya 384

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa sayansi ya siasa na utawala wa umma, wa hapa Mombasa na wengine wa Kilifi na Kwale. Nimechagua zinazogusa wengi.

Shikamoo mwalimu. Mada yangu ni "Athari za ugatuzi kwa maendeleo ya Kaunti ya Mombasa". Msimamizi wangu ameirudisha mara mbili, asema ni pana mno. Niipunguzeje? (Mwanafunzi wa uzamili, Kisauni)

Marahaba. Msimamizi wako ana haki. Maendeleo ni maji, barabara, zahanati, ajira na chekechea, yote kwa pamoja. Na ukisema "athari" umejifunga kuonyesha kwamba bila ugatuzi mambo yangekuwa vingine. Mzigo huo humshinda hata profesa mwenye wasaidizi kumi.

Tafuta jambo linalojirudia kila mwaka na linaloacha karatasi. Mimi ningechukua bajeti. Ibara ya 201 ya Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mombasa ina maeneo bunge 6 na wadi 30. Wewe chukua wadi mbili tu, moja ya Kisauni na moja ya Mvita, na mwaka mmoja wa fedha. Kisha uliza: yale ambayo watu waliomba kwenye mkutano wa wadi, mangapi yaliingia kwenye makadirio, na mangapi bunge la kaunti liliyapitisha?

Omba orodha ya waliohudhuria. Huwa ni karatasi yenye jina, nambari ya kitambulisho, simu na saini. Majina na nambari usizinakili; hesabu wanawake, hesabu vijana kama umri umeandikwa, na tazama mkutano ulianza saa ngapi. Ulioitishwa saa nne asubuhi katikati ya wiki humwacha nje kibarua wa bandarini na mama wa viazi karai, na hapo umeshapata sura nzima ya tasnifu. Halafu chagua ombi moja, tuseme la bomba la maji, ulifuate kutoka kwa aliyelisema hadi kwenye mstari wa bajeti, au hadi pale lilipopotelea. Zungumza na mwakilishi wadi, zungumza na karani aliyeandika kumbukumbu za mkutano. Tasnifu za namna hii nazipenda kwa sababu mwenyeji wa wadi akiisoma atajua amefanyiwa nini.

Kila nikienda ofisini kuomba ripoti naambiwa njoo kesho, bosi hayupo. Nifanyeje? (Mtafiti, Changamwe)

Acha kuomba kwa mdomo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza njia. Andika barua, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, sheria inakubali zote mbili. Taja waraka kamili unaoutaka na mwaka wake, weka tarehe, kisha nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Akinyamaza, kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa, nawe unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman, ndani ya siku 30. Kuomba hakulipiwi, utakacholipia ni gharama ya kutoa nakala.

Lakini kabla ya vita vyote hivyo, hakikisha hujaomba kitu ambacho tayari kiko wazi. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kaunti kila robo mwaka, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha zake kila mwaka wa fedha. Inanisikitisha kuona mwanafunzi amesimama mlangoni kwa karani miezi na miezi, na ripoti aitakayo imo mtandaoni.

Kila tasnifu ninayoisoma ina sampuli ya watu 384. Nami nitumie hiyo hiyo? (Tudor)

Ijue kwanza ilikotoka. Iko kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970: jamii ikifika watu milioni moja, sampuli ni 384, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, ndiyo maana kila mtu huiangukia. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja, kwamba watu wachaguliwe kwa bahati nasibu. Watu 384 uliokutana nao Marikiti na kwenye feri ya Likoni si sampuli ya Mombasa. Tena ukitaka kulinganisha maeneo bunge yote 6, kila moja linabaki na watu 64, na kosa linapanda hadi kama asilimia 12. Hapo huwezi kusema Jomvu wameridhika kuliko Nyali.

Ikiwa swali lako ni la maoni ya Wakenya kwa jumla, data za Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya Waafrika, zinapatikana bure, na mizunguko ya karibuni imehoji watu 2,400 nchini. Usizitumie kusemea Mombasa peke yake. Na ikiwa swali lako ni namna uamuzi ulivyofikiwa, mahojiano 20 ya kina na waliokuwemo chumbani yatakufaa kuliko hojaji mia nne.

Nahitaji vibali gani? (Uzamili, Mtwapa)

Anza na kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo huombwa mtandaoni. Ukiipata, jiwasilishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Mjulishe chifu pia, hasa kama utapita nyumba hadi nyumba.

Nikiuliza kuhusu siasa na usalama watu wananiogopa, au wote wanajibu sawasawa. (Likoni)

Dadangu, wana sababu ya kuogopa, na ni wajibu wako kuwalinda. Usiandike jina, wala usirekodi kabla ya kupewa ruhusa. Tena usihoji barazani. Pale kahawa inapozunguka, mzee mmoja akishasema, vijana hutikisa kichwa, nawe unaandika kwamba watu kumi na wawili wamekubaliana, kumbe umepata jibu la mtu mmoja. Kunywa kahawa, jitambulishe, kisha mwone kila mmoja kwa wakati wake. Uliza alichofanya kabla ya kuuliza anachofikiri: mara ya mwisho ulipiga ripoti polisi lini, na ilikuwaje? Asiyetaka kujibu, mwache.

Je, suala la Mwambao, la ukanda wa pwani kujitenga au kuungana na Kenya, bado lafaa kwa uzamifu, au limeandikwa likaisha? (Mji wa Kale)

Lafaa sana, na lina haraka. Mambo makubwa yanajulikana: mkataba wa 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, ripoti ya Sir James Robertson ya 1961, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha ukanda wa maili kumi na Kenya, huku mahakama za kadhi zikihifadhiwa. Nyaraka zake utazipata Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi, na nyingine kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, Kew, London.

Usichokipata kwenye majalada ni namna mtu wa kawaida alivyoamua upande wake: mvuvi, mama wa nyumbani, mkulima wa Kimijikenda ambaye maili kumi zile zilimhusu pia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amepita 80. Kwa hiyo nenda kwa wazee kwanza, wanawake kwa wanaume, kabla hujamaliza hata sura ya nadharia; majalada ya Nairobi hayaendi popote. Omba idhini mbele ya watoto wao, rekodi kwa lugha anayoizungumza mwenyewe, na nakala ya sauti iachie familia.